Mbwa Mwitu wa Saa Sita Mchana

Mbwa mwitu yule aliteremka mlimani jua likiwa utosini, akakatiza katikati ya kundi la kondoo bila hata kuwatazama. Hilo ndilo lililomfanya Kadyrkul ainuke, mkasi wa manyoya ukiwa bado mkononi. Maisha yake yote alikuwa amewajua mbwa mwitu kwa nyayo zao, kwa mizoga waliyoacha, kwa sauti zao za mbali. Kumwona mmoja kwa macho ilikuwa bahati, na hata hapo aliambulia mgongo tu, ukipotelea nyuma ya mawe. Huyu alikuja uso kwa uso. Taya lilikuwa limelegea, ute umevutika hadi kifuani, na macho yake hayakuwa na hofu wala hasira. Hayakuwa na kitu.

"Mama Seyil! Ingia ndani!" alimpigia kelele mkewe, Umsunai, aliyekuwa akikamua farasi jike kando ya hema lao la sufu.

Mnyama hakuongeza mwendo wala hakupunguza. Alipofika, akaruka. Kadyrkul alijikinga kwa mkono. Meno yakazama kwenye kigasha, yakaachia, yakarudi tena na kumchana shavu. Alianguka chali, harufu mbaya ya mdomo ule ikiwa juu ya uso wake, na mawazo yote yakamtoka kichwani. Ghafla uzito ukaondoka. Boz, mbwa wake wa kuwindia, mrefu wa miguu na mwembamba wa kiuno, alikuwa amemkamata yule mgeni kwenye koo, nao wakawa wanabiringishana kwenye majani.

Umsunai hakuingia ndani. Alikuja na shoka la kupasulia kuni, akasubiri nafasi, akalishusha shingoni. Kisha akaketi chini pale pale.

Ng'ambo ya kijito alikuwa amepiga kambi Zuura, daktari wa mifugo kutoka mji wa Naryn, ambaye kila kiangazi alipanda malishoni kuchunguza mbweha na mbwa mwitu. Wachungaji walimpenda, ila walimwona ana kasoro kidogo kichwani: mtu mzima na masomo yake, anazunguka milimani kuokota mavi ya wanyama! Siku hiyo aliona yote kutoka ng'ambo, akavuka maji farasi akikimbia, akaruka chini kabla hajasimama, na hakumtazama mbwa mwitu hata mara moja.

"Sabuni," alisema. "Dada, leta sabuni, na maji yote uliyonayo."

"Hiki ni kidonda tu, daktari," Kadyrkul alisema. "Nipashie kisu moto, nijichome, yaishe."

"Ukijichoma nitakupiga na hilo shoka. Kaa chini, kaka."

Akakaa. Umsunai alipoleta maji na sabuni, Zuura alivaa glavu, akampa naye nyingine, kisha akaosha. Aliosha mkono, akaosha shavu, povu likawa la waridi, likawa jeupe, naye akaendelea kuosha. Kadyrkul alidhani amemaliza; kumbe alikuwa anamimina tena.

"Utanimaliza ngozi," alilalamika.

"Ngozi itaota nyingine." Alizungumza bila kuinua kichwa. "Sikiliza vizuri. Kwenye ute wa yule mnyama kuna kirusi, na mimi sina shaka, ni kichaa cha mbwa. Hakipiti kwenye damu. Kinatafuta mshipa wa fahamu, kinaushika, kinaanza kupanda kuelekea ubongoni. Polepole sana, kama unavyopanda mlima na kundi lenye wana-kondoo. Kikifika juu, hakuna daktari duniani atakayekuokoa na kaburi. Tukikikuta njiani, unapona. Na wewe umeng'atwa shavuni. Njia ni fupi."

"Kesho nina kondoo wa kukata manyoya—"

"Baba Seyil," Umsunai alimkata, akiwa ameketi tena chini, shoka likiwa mapajani. "Mwana wa watu anakwambia unakufa, wewe unamwambia habari za manyoya. Inuka uingie kwenye gari la daktari!"

Akainuka.

Kabla hawajaondoka Zuura alikata kichwa cha mbwa mwitu, akakifunga kwa mifuko na kukizungushia barafu kutoka sanduku lake la chanjo. Alipoona jeraha la shoka shingoni, alimgeukia Umsunai. "Ungempiga kwenye fuvu ungeniharibia ubongo, nisingekuwa na cha kupima. Umefanya vizuri sana, dada."

"Nililenga fuvu," Umsunai alisema. "Nilikosea."

Ikawa ndiyo mara ya kwanza siku hiyo mtu kucheka.

Hospitalini walimchoma sindano ndani ya vidonda vyenyewe, kinga iliyokwisha kutengenezwa ya kukizuia kirusi papo hapo, halafu nyingine begani, chanjo ya kuufundisha mwili wake utengeneze kinga yake. Umsunai naye alichanjwa, kwa kuwa ute ulimrukia mikononi. Wakaambiwa warudi kwa sindano nyingine. Kadyrkul alivumilia yote. Kilichomtesa ni Boz.

Majira ya kuchipua, Zuura alikuwa amepita kila kambi akichanja mbwa. Alipofika kwake, Kadyrkul alikataa. Mbwa anayemshika mbwa mwitu kooni adungwe sindano kama mtoto mchanga? Jirani zake walicheka, naye alijisikia mwanamume kwelikweli. Sasa Boz alikuwa amefungwa peke yake kwenye zizi la mawe, masikio yamechanwachanwa, akitikisa mkia kila mtu alipopita. Zuura alikuwa ameagiza asiguswe, akisema huenda ikabidi auawe.

Siku ya sindano ya pili, Kadyrkul alipotoka hospitalini alikwenda moja kwa moja maabara ya Zuura kumwombea mbwa wake. Alikuwa amepanga maneno njia nzima. Alimkuta Zuura kwenye chumba chenye pazia zito, ameinamia hadubini.

"Kaka, umekuja wakati mzuri," alisema. "Njoo utazame. Usiguse kitu."

Kadyrkul alivua kofia yake ya sufu nyeupe, akainama, akaweka jicho. Mwanzoni aliona giza tu. Halafu giza likaanza kuwaka. Vijidoa vya kijani vilijaa kila upande, vingine vikubwa, vingine vidogo kama vumbi, kijani cha tofaa ambalo halijaiva, vikimeta bila kutikisika. Aliwahi kulala nje malishoni mara elfu na zaidi, juu kabisa, mahali ambapo anga hukaribia mtu hadi anaogopa kunyoosha mkono. Hakuwahi kudhani ataliona anga namna ile ndani ya kipande cha nyama.

"Ni nini hivi?" alinong'ona, kama mtu aliyeingia msikitini watu wakisali.

"Ndicho chenyewe. Ubongo wa yule mbwa mwitu. Nimeweka dawa inayong'ang'ania kirusi peke yake, na dawa hiyo inawaka kwenye mwanga huu. Kila unapoona kijani, kipo."

"Kila mahali."

"Kila mahali."

Hakuondoa jicho. Alikumbuka mnyama yule akitembea katikati ya kondoo kana kwamba kondoo hawapo. Mbwa mwitu mwenye akili zote za milimani, aliyekwepa mitego na risasi maisha yake yote, alikuwa amevuliwa woga wake kama mtu anavyovuliwa koti, kisha akaelekezwa kwa binadamu. Na aliyefanya hivyo ni huyu hapa, asiye na jicho wala mguu, anayetoshea kwa maelfu juu ya ncha ya sindano. Akagusa shavu lake lililoshonwa nyuzi.

"Na mimi alikuwa anapanda huku," alisema.

"Alikuwa. Tumemkuta njiani."

Kadyrkul aliketi kwenye kigoda. Maneno yote aliyoyapanga yalikuwa yamemtoka. Aliuliza tu, "Boz anacho?"

"Sijui. Mbwa akiwa hai hakuna kipimo cha kuaminika. Angekuwa amechanjwa ningemwongezea chanjo, tukamwangalia, basi. Lakini hakuchanjwa." Alisita. "Unaweza kumfungia kwa miezi mingi, mbali na watu, mbali na mifugo. Kiangazi kikiisha mnahama na wajukuu. Utamweka wapi?"

Kadyrkul alifikiria mjukuu wake, mtoto wa Seyil, ambaye humlalia Boz tumboni kama mto.

"Njoo kesho kutwa," alisema. "Uje wewe. Sitaki mtu wa bunduki."

Siku hiyo ilikuwa na upepo. Kadyrkul alivaa glavu nene, akaingia zizini, akapiga magoti. Boz aliegemeza kichwa begani kwake, akahema kwa raha, kwa sababu alikuwa amekaa siku nyingi bila kushikwa. Zuura alimdunga dawa ya usingizi kwanza, kisha ile nyingine. Kadyrkul alimsimulia mbwa wake habari za mawindo ya zamani, za mbuzi wa milimani waliyemfuata hadi kwenye theluji, na hakuacha kusimulia hata baada ya Zuura kumgusa mkono na kutikisa kichwa. Walimzika kilimani. Zuura alilia waziwazi. Kadyrkul alilia baadaye, akikamua farasi, mgongo ukiwaelekea watu.

Wiki iliyofuata alipanda farasi, akaenda kambi moja hadi nyingine mbele ya Zuura. Hakuhubiri. Alikuwa anageuza shavu tu, kovu lionekane, anasema, "Leteni mbwa." Wakawa wanaletwa.

Vuli ilipofika Zuura alimletea magunia ya chambo, vipande vya kahawia vilivyonuka samaki, kila kimoja na kifuko kidogo cha chanjo ya maji tumboni mwake. Mbweha akitafuna, kifuko kinapasuka, na chanjo inamwingia kinywani. Kadyrkul ndiye aliyejua mapango yote na njia zote za mbweha upande ule, maana aliwawinda toka ujana.

"Oya, mpishi wa mbweha!" jirani mmoja alimpigia kelele. "Na sisi utatuandalia lini?"

"Wewe unuke kwanza kama mbweha, nitakuletea!" alijibu. "Ingawa umekaribia."

Alikwenda na Zuura hadi kwenye mabonde ya juu, mahali ambapo theluji ilikuwa imeshaanza kushika. Asubuhi moja walilala kifudifudi nyuma ya mwamba wakamwona mbweha jike akitoka. Alizunguka kile kipande, akakinusa, akarudi nyuma, akainua pua kuelekea waliko. Kadyrkul alibana pumzi. Alishangaa moyo wake ukidunda kuliko siku yoyote aliyowahi kumlenga mbweha kwa bunduki. Mbweha alikidaka chambo, akatafuna mara mbili tatu, akameza, akaondoka na shughuli zake. Hakuwa na habari kwamba kuna watu wawili nyuma ya mwamba wanashikana mikono kwa furaha kama watoto.

Majira ya baridi yalipokolea, wawindaji waliouza ngozi waliombwa wamletee Zuura mataya ya mbweha. Akamwita Kadyrkul maabara, naye safari hii alikuja na Umsunai, akiwa amebeba boorsok za moto, vijiandazi vya kukaangwa, ndani ya kitambaa. Zuura alikuwa amekata jino la mbweha likawa jembamba kuliko karatasi. Akaliweka chini ya taa ya zambarau.

"Kwenye chambo tulichanganya dawa inayoshika kwenye mfupa na jino," alisema. "Aliyekula hawezi kuificha tena maisha yake yote. Tazameni."

Kadyrkul alitazama. Ndani ya jino, kama pete ndani ya gogo la mti, ulizunguka uzi mmoja mwembamba wa dhahabu. Ulikuwa safi, umekamilika, unawaka. Mahali fulani juu, kwenye baridi, bila shahidi yeyote, mnyama ambaye hakuwahi kumwona alikuwa ameokota kitu kilichodondoshwa na mkono wake, na jambo hilo likaandikwa ndani ya mfupa.

"Subhana'llah," alisema taratibu. "Mama Seyil, njoo uone."

Umsunai aliinama, akatazama kwa jicho moja, kisha la pili. "Na huyu?" aliuliza, akionyesha jino la pili.

Zuura alilisogeza chini ya taa. Lilikuwa la zambarau tupu, hakuna uzi. "Huyu hakula."

"Katoka wapi?"

"Bonde lile la nyuma, kuvuka njia ya kati ya vilele."

Kadyrkul alivaa kofia yake. "Huko hatukufika," alisema. "Farasi wangu anapajua. Theluji ikiyeyuka nitakuonyesha njia, tupeleke chambo."

Umsunai alifungua kitambaa. Boorsok zilikuwa bado na joto, wakatoka kwenda kuzila chumba cha pili, mbali na mataya.