Rangi Iliyokataa Kushika

Velma hakuwa mtu wa kujisifu. Hakuona haja, kazi zake zilimsifu. Katika klabu ya wajenzi wa ndege za modeli iliyokutana kila mwezi kule Maplewood, Minnesota, wazee wa Kizungu wenye ndevu nyeupe walimletea mabawa yao kama wagonjwa wanavyoletwa zahanati. Velma, rangi imebabuka. Velma, stika imeshika hewa chini yake, inang'aa kama magamba ya samaki. Naye hutazama mara moja tu, akataja ugonjwa. "Umebandika juu ya rangi inayokwaruza. Paka vanishi kwanza, pawe laini, ndipo uiloweke stika yako majini." Alikuwa nesi katika nyumba ya kulelea wazee huko Woodbury, kwa hiyo kumwambia mtu ukweli bila kupepesa macho alishazoea.

Januari ile ya 2014, baridi ilipokaza hadi shule zikafungwa, Velma naye akapatikana.

Ndege ilikuwa F-5, ya kivita, ya jeshi la anga la Kenya. Alikuwa akimtengenezea baba mkwe wake, Mzee Gitonga, fundi aliyezihudumia ndege za namna hiyo Nanyuki tangu ujana mpaka kustaafu. Mzee alikuwa amekuja Oakdale miezi michache nyuma kumtembelea mwanawe Jairus, mumewe Velma, na Jumamosi angepanda ndege kurudi kwao.

Angeondoka akiwa ametoa jibu, au bila kulitoa? Hilo ndilo lililomnyima Velma usingizi. Yeye na Jairus walifunga ndoa kanisani Saint Paul miaka mitatu nyuma, lakini Mzee alikuwa hajakanyaga Bungoma kwa kina Velma kumposea mwanawe kwa desturi. Babake Velma aliwangoja hao wazee wa Kimeru, watu wa Gitonga, mpaka majirani wakaanza kumuuliza kama binti yake aliolewa au alipotea. Kila Jairus alipoligusia jambo hilo, Mzee alijibu neno moja: "Nitaona." Velma aliijua hiyo "nitaona." Ikipanda ndege Jumamosi, ndiyo basi.

Isitoshe, Mzee hakuwa akisema naye. "Jairus, mwambie bibi yako chai imekolea," husema, na Velma yupo hapo hapo, birika mkononi. Siku moja alishuka hadi besmenti, chumba cha chini ya nyumba alikofanyia Velma kazi zake, akaiona ndege mezani ikiwa bado plastiki tupu, akasema, "Vitu vya watoto," akapanda ngazi zake. Velma aliumia. Lakini hakuacha. Ukimwambia Velma jambo haliwezekani umemwongezea mafuta taani.

Basi akapuliza rangi ya kijivu. Ilitua vizuri kama umande. Kesho yake, alipoongeza mkono wa pili, rangi ikaanza kukimbia. Ikajikunja na kuacha vishimo vya mviringo, rangi ya jana ikichungulia ndani yake. Akaifuta yote kwa spiriti, akaanza upya. Vishimo vikarudi. Stika za karatasi ya kwanza alizozijaribu kwenye bawa zikakataa kulala, zikajikunyata, zikachanika zote. Mtu mmoja wa Anoka, mwenye printa ya wino mweupe, alikuwa amemchapia karatasi mbili tu za nembo za Kenya kabla mashine yake haijaharibika. Sasa ilibaki moja.

"Ume-check kompresa?" Jairus akauliza kutoka juu ya ngazi. Hakuthubutu kushuka; mwaka uliopita alivunja mkia wa ndege ya mkewe akikimbiza panya.

"Nime-check."

"Basi si umnunulie tu saa? Tu-order leo, ifike Friday."

"Jairus, babako hatanikumbuka kwa saa."

Alikuwa amekagua kompresa, pampu yake ya hewa, akabadilisha mpira, akafungua kopo jipya la rangi, akaosha kipulizio mara mbili. Mikono yake mwenyewe hakuishuku. Nesi anajua kunawa, na kila alipoigusa ndege ile alivaa glavu. Kosa halikuwa lake. Aliliamini hilo kama anavyoamini Jumapili inafuata Jumamosi, ila rangi haikuwa inajali imani ya mtu.

Jumatano akawasha taa kali, akaacha kutazama vishimo kimoja kimoja, akatazama jinsi vilivyokaa. Havikutapakaa ovyo. Kimoja kikubwa kilikuwa juu, nyuma ya kiti cha rubani, na vinne vilijipanga chini ya tumbo. Akavitandaza vidole vyake juu ya vishimo bila kugusa. Havikufika. Mkono ulioishika ndege hii ulikuwa mkubwa kuliko wake.

Akapitisha kitambaa safi penye vishimo, akakinusa. Kafuri! Baridi ya Minnesota humpausha Mwafrika mpaka akafanana na mtu aliyemwagiwa unga, kwa hiyo nyumba nzima ilijipaka mafuta ya mgando kutwa. Ni mmoja tu aliyeyachanganya na dawa ya kuchua yenye kafuri, kwa ajili ya magoti yake.

Velma akaketi. Alifurahi mpaka akajionea haya, kisha akakasirika. Vitu vya watoto, eti! Na kumbe kila akitoka kwenda kazini, Mzee anashuka kuishika ndege yake.

Angeweza kupanda juu na kumkabili, ulimi aliopewa unatosha. Lakini kwao, kwa Wabukusu, mke wa mtoto hamvamii baba mkwe. Akaifuta ndege tena, akaiosha kwa sabuni ya vyombo, akaiacha ikauke. Kando yake akaweka glavu, jozi moja, saizi ya mwanamume, akaenda zake kulala.

Alhamisi aliporudi kutoka kazini taa ya besmenti ilikuwa inawaka. Mzee Gitonga alikuwa amekaa kwenye kiti chake Velma, glavu mikononi, ndege mapajani.

"Hizi glavu zinanibana," alisema.

Jairus hakuwepo wa kuambiwa amwambie mtu.

"Kuna kubwa zaidi, Baba."

"Zitatosha." Akaigeuza ndege taratibu. "Ni mimi nimekuharibia kazi."

"Ni mafuta tu, Baba. Rangi haikai juu ya mafuta."

"Najua rangi haikai juu ya mafuta!" Mzee alifoka, kisha sauti ikamshuka. "Kichwa kinajua. Mikono ndiyo imesahau. Nashuka nikisema naangalia tu, halafu nakuta nimeishika." Akaivuta glavu kidoleni. "Nilidhani unaniona mshamba. Pale airport nilikupa mkono, ukarudi nyuma kama umeona nyoka."

Kumbe ni hilo, miezi yote hii!

"Kwetu mke wa mtoto hampi baba mkwe mkono. Ni heshima, Baba. Babangu akisikia nimekushika mkono ataniuliza nililelewa na nani."

"Na kwetu asiyetoa mkono amekukataa. Kwa nini hukusema?"

"Ningesemea wapi? Wewe ulikuwa unapitia kwa Jairus."

Mzee akakohoa. Kikohozi kile kilikuwa na kicheko ndani.

Siku hiyo walipaka pamoja, yeye akishika, Velma akipuliza. Rangi ikashika. Ijumaa asubuhi vanishi ilikuwa imekauka, ndege inang'aa, na ile karatasi ya mwisho ikakatwa.

"Sisi tulipaka nembo kwa brashi," Mzee alisema. "Hii ya maji siijui. Nifundishe."

Velma akamfundisha: uiloweke stika kidogo, ungoje iteleze yenyewe, usiilazimishe, uivute kwa brashi yenye maji hadi mahali pake, uikaushe kwa pamba ukianzia katikati. Nembo ya kwanza Mzee aliipeleka upande, akasonya. Ya pili ikakaa. Ya mwisho, ya mkiani, waliisukuma wote wawili, na glavu zikagusana, jambo ambalo hata Bungoma wangelivumilia.

"Nitakufungia vizuri ndani ya sanduku," Velma akasema. "Ifike Nanyuki salama."

"Hapana. Haiendi Nanyuki."

Velma akaduwaa, pamba mkononi. Kazi yote ile!

"Inaenda Bungoma," Mzee akasema, macho yake kwenye mkia. "Nikifika tu nawakusanya wazee wangu, na hii naibeba mwenyewe. Siwezi kuingia kwa watu kuomba binti yao halafu wakiniuliza ni binti wa namna gani, nibaki nimefunga mdomo. Nitaiweka mezani mbele ya babako, nimwambie: ni huyu."

Velma, ambaye hakuwahi kulia mbele ya mtu Marekani nzima, akalia waziwazi.

"Sogea, Velma," Mzee akamwambia, akiivuta ndege kando. "Usilie hapo. Stika bado hazijashika."