Karai Moja

...na mkono wake una jasho, huu mkono wa Mwololo ulioshika wangu, siwezi kuuvuta kwa sababu tunaomba, sote wanne tumeshikana mikono kuzunguka meza ya unga kama kila asubuhi tangu aniajiri hapa Westlands, macho tumefumba, yeye anasema Baba tunaiweka kazi ya mikono yetu mbele zako, na nyuma yangu mafuta yananuka, mafuta ya jana na juzi yaliyokaangia sambusa za mbuzi, harufu imenifika mpaka kooni, na humo humo leo natakiwa kukaanga kachori za njegere za mama mkwe wa Mama Charmi, yule Mhindi wa Spring Valley niliyemfanyia kazi zamani, kikongwe anayetimiza miaka themanini bila kutia nyama kinywani, hata yai, tangu azaliwe... kichefuchefu, jamani, kunishika katikati ya sala. Yalikuwa makarai mawili, la nyama na la mboga, kila moja na jiko lake, mpaka Jumanne ya wiki jana jiko moja likafa, fundi akasema kipuri hakipatikani upesi, Mwololo akasema basi tutumie moja, moto ni moto, nikamuuliza na watu wa Spring Valley je, akanitazama kwa ule upole wake wa mzee wa kanisa, akaniambia Paulo alishalimaliza hilo, chakula hakimsogezi mtu kwa Mungu wala hakimwondoi, na Annah akadakia kwamba wale wanaabudu ng'ombe, mafuta itawafanya nini, Odhiambo akacheka ndani ya ile fulana yake ya chungwa aliyogawiwa kwenye kampeni za kura ya maoni, na mimi nikacheka. Nilicheka, meno yote nje. Usiku nikafungua hapo kwa Paulo, nikasoma mpaka chini ambako Mwololo hakufika, anakosema kama chakula chake kinamkwaza mwenzake yeye nyama ataacha kabisa, nikafunga Biblia nikalala, asubuhi nikaja kukaanga, sasa kusoma kwangu kulikuwa kwa faida ya nani... Baba wewe wajua, anasema Mwololo, hapa si jikoni tu, hapa ni madhabahu, Annah anaitikia ndiyo Bwana, ndiyo Bwana, mate yananijaa mdomoni na pa kutema hapana.

Angekuwa mtu mbaya ningemchukia nikapumzika, lakini si mbaya, ndilo linaloniudhi, mwezi wa tatu alikataa kupeleka chakula kwenye sherehe ya ofisi moja kule Upper Hill kwa sababu kungekuwa na pombe, na Maxwell wangu alipopata degedege ni yeye aliyetukimbiza hospitali na gari lake, akakaa nami kwenye benchi mpaka mtoto akafungua macho, mkono ni huu huu, basi nitamwambia nini mtu kama huyu, nitamwambia unanichefua mzee, nikiwa nimeushika... na Mama Charmi naye, miaka sita nilikuwa jikoni kwake, ndiye aliyenifundisha kukunja kachori isipasuke, ndiye aliyempigia Mwololo simu kunisifia nilipotaka kazi ya kurudi nyumbani jioni, wale hawanunui kitu mahali panapopikwa nyama, hawajawahi, kwa Mwololo wananunua kwa ajili yangu mimi tu, na yeye anajua, ndiyo maana kila oda yao lazima niipeleke mwenyewe. Ijumaa nilipeleka. Mama Charmi akatoka mpaka geti la nyuma, akafunua sinia, akauliza kama anavyouliza siku zote, "Namalwa, karai ya mboga iko ingine?" nikamjibu, "Ndiyo Mama, iko ingine," bila kumeza mate, bila kutazama pembeni, akasema, "Mimi najua. Wewe mtu ya Yesu, wewe hapana danganya mimi." Akachukua kachori moja akaila pale pale amesimama, akipepea mdomo kwa moto wake, akasema chumvi imekaa vizuri, akanipa na chupa ya achari, nikaipokea kwa mikono miwili, nikaenda kuilia ugali, tamu kweli, Mungu wangu, nilikula mpaka nikalamba vidole.

Na kumbe si mafuta. Siku zote hizi nimesema ni harufu ya mafuta, nimebadilisha leso, nimekula ndimu, lakini mafuta ya mbuzi hata nikipewa sasa hivi na ugali nitakula, kinachonichefua ni ile sauti yangu pale getini, laini, tulivu, ile ile ninayoimbia kwaya, kwa sababu yule mama hakuliamini karai wala hakumwamini Mwololo, aliliamini jina, nami nikalitumia kama kifuniko cha sufuria, nilimlisha nyama kwa jina la Yesu... Jiko la makaa liko pale uani, naam, na sufuria mpya ipo na mafuta yapo hayajafunguliwa, naweza kukaangia nje leo, saa sita nikipeleka, akiniuliza niseme iko ingine na iwe kweli, Ijumaa ikazikwa, nani ataifukua, kwa nini nimtie mtu mzima uchungu wa kitu kilichokwisha shuka tumboni, afadhali asijue... lo, ona nilivyo fundi, ona jinsi ninavyojipangia, mzuri kuliko hata Mwololo, yeye alimtafuta Paulo, mimi nimetafuta huruma, najitapikia mwenyewe. Nikimwambia atanifungia geti. Hatakula tena kitu kilichopita mkononi mwangu, atapita hekaluni kwao akajisafishe kwa ajili yangu, na Mwololo atasema nimempaka matope, nitaondoka hapa, na kazi ya kwenda sijui nitaipata wapi, na Maxwell ndiye huyo... Dada Namalwa atatufungia sala, anasema Mwololo. Maji yanadondoka kwenye sinki, Odhiambo anakohoa, Annah anavuta pumzi kwa unyenyekevu kabisa, wanadhani nimezidiwa na Roho, Mwololo ananibinya vidole taratibu, "Omba, dada," ananong'ona, naye anamaanisha, masikini, nafungua mdomo niseme Baba na neno Baba haliji, ninachosikia kikitoka, kwa sauti ya kukwaruza nisiyoijua, ni "Mama, Ijumaa nilikudanganya, karai lilikuwa moja," na wao watatu bado wamefumba macho, wanangoja nimalizie.