Lori Lilikuwa na Bima

"Hata hamjairudisha?" Idrisi aliuliza.

Kiogora alikuwa akipitisha mguu wa ng'ombe kwenye mashine ya kukata mifupa, na msumeno ulikuwa ukilia huku unga wa mifupa ukimrukia kifuani. Alipozima, akafuta mikono kwenye aproni na kutazama juu ya friji. Kinga ya msumeno ilikuwa palepale ilipowekwa siku ile, na sasa ilikuwa imerundikiwa magazeti ya kufungia nyama.

"Boss alisema tungoje Idd iishe," Kiogora alisema. "Idd imeisha, sasa anasema tungoje Krismasi."

"Na baada ya Krismasi?"

"Ustadh, wewe niulize mambo ya mifupa. Hayo mengine muulize mwenye bucha."

Idrisi alihisi hasira ikimpanda. Alikuwa amekuja kuwasalimu tu wenzake, mara ya kwanza tangu atoke hospitali, na njia nzima alikuwa akijiambia kwamba yaliyopita si ndwele. Kumbe hayakuwa yamepita. Yalikuwa yanaendelea, na safari hii vidole vilivyokuwa karibu na meno ya msumeno vilikuwa vya Kiogora.

Mkono wake wa kulia ulikuwa na bandeji nyembamba. Kidole gumba hakikuwepo, na cha shahada hakikuwepo. Alipokaa kwa tahiyatu msikitini, alipofika mahali pa kuinua kidole, hapakuwa na cha kuinua, na mara ya kwanza alilia mpaka jirani yake safuni akamsikia.

Huyu alikuwa mchinjaji. Asiyeijua Meru anaweza kudhani hiyo ni kazi ndogo, lakini ajaribu kufungua bucha pale Kinoru bila mchinjaji Mwislamu aone. Waislamu hawatakanyaga, hilo linajulikana. Lakini hata mama wa kanisani atasimama dirishani na kuuliza nyama imechinjwa na nani, maana Idd atakuwa na mgeni, au binti yake ameolewa Majengo kwa Waislamu. Juu ya mlango wa bucha ya Hajji Abubakr pameandikwa HALALI kwa rangi ya kijani, na neno hilo lote lilisimama juu ya mkono mmoja, mkono wa Idrisi. Alfajiri alikuwa machinjioni akichinja, na mchana alikuwa buchani akipanga nyama. Ujana wake wote uliishia kwenye kisu cha kuchinjia, na kuchinja alichinja vizuri, kwa mkato mmoja, mnyama asiteseke.

Kisha ikaja mkesha wa Idd. Kiogora alikuwa Mitunguu kumuuguza mama yake, wateja walikuwa wamejaa mpaka barabarani, na kila mmoja alitaka mbavu za mbuzi zikatwe vipande. Mbavu nzima hazikupita vizuri chini ya kinga, ilibidi zigawanywe kwanza kwa shoka. Hajji alichukua spana kwa mkono wake mwenyewe, akaing'oa kinga, akaiweka juu ya friji. "Piga Bismillahi, Idrisi, uendelee. Watu wamefunga," alisema. Idrisi akapiga Bismillahi. Mbavu ikateleza kwa mafuta, na mkono ukaifuata.

Ndiyo maana sasa, alipomwona Hajji akiingia na kanzu yake nyeupe ya Ijumaa, tabasamu likiwa limemtangulia, Idrisi alirudisha mkono nyuma.

"Idrisi, baba! Mbona umesimama? Mletee kiti, Kiogora." Hajji alimshika bega. "Nilikuwa nije kwako. Leo baada ya sala nitakuja na shehe, tukae kama watu wa nyumba moja. Nasikia ulipita kwa ofisi ya kazi."

"Nilipita."

"Si vizuri. Mambo ya ndani yanaongewa ndani."

*

Walikuja nyumbani kwa Idrisi. Shehe alikaa kwenye kiti kizuri na Hajji akakaa kwenye kochi, kando ya friji iliyozimika zamani. Safiya, mke wa Idrisi, alipokea nyama waliyoleta, akaiweka jikoni bila kuifungua, kisha akaegemea mlango wa jikoni na kukunja mikono. Shehe alitazama chini, Hajji akakohoa. Wote wawili walikuwa wametarajia kwamba angewaacha wanaume waongee.

Hajji alianza mbali. Alianza na baba yake Idrisi, rehema za Mungu zimfikie, ambaye alikuwa rafiki yake. Akapitia ukame, akapitia bei ya ng'ombe. Hatimaye akafika.

"Ilikuwa ni kadari. Nani anaweza kupinga kadari? Mimi nakuomba msamaha mbele ya shehe. Wewe sema tu umenisamehe, na huko ofisi ya kazi uende uwaambie tumeelewana. Halafu utakaa kaunta. Hutashika kitu, utakaribisha wateja tu. Si hiyo ni kazi nzuri?"

Idrisi alitazama zulia. Alijua neno hilo lina uzito gani. Kati yao, mtu akishasema nimesamehe mbele ya mashahidi, jambo limezikwa, na atakayelifukua ndiye atakayeonekana mbaya. Pia alijua kwamba kaunta ni riziki. Nje ya kaunta, mchinjaji asiye na gumba ataajiriwa na nani?

"Kule ofisini," alisema polepole, "yule mama aliniambia mwenye kazi lazima awakatie wafanyakazi bima. Ni sheria. Mtu akiumia, imtibu, impe fidia. Aliniuliza ya bucha iko wapi, nikakosa la kusema."

"Bima!" Hajji aligeuka kwa shehe kama mtu aliyefurahi kupata mlango wa kutokea. "Shehe, si unajua bima ni kamari? Ina riba. Mimi na imani yangu siwezi kula haramu."

"Hajji." Safiya hakupandisha sauti. "Lori lako lilipoanguka Ruiri, nani alilitengeneza?"

Shehe alinyanyua macho.

"Hiyo ni serikali," Hajji alisema. "Gari bila bima utashikwa na polisi."

"Ile ya polisi inalipa uliyemgonga. Wewe hukugonga mtu, lori lilijilaza lenyewe kwa mtaro. Na lilirudi na kichwa kipya na rangi mpya, sote tulikuja kuliangalia. Ulikata ile kubwa, ile inalipa hata ukijiangusha." Sasa sauti yake ilikuwa imeanza kutetemeka. "Mbona hukuliambia lori ni kadari? Mbona hukuenda kwa kampuni useme umewasamehe? Mabati yana bima, na mume wangu, baba ya Shukri, hana! Hiyo dini ni ya wapi, ya kuogopa haramu kwa mtu na kuila kwa lori?"

"Mama, taratibu," shehe alisema.

"Nimekuwa taratibu, shehe. Namfunga mume wangu vifungo vya shati taratibu, kila asubuhi."

Shehe aliweka tasbihi yake gotini. Alikuwa mtu mwema, na jambo la lori hakuwa amelijua, lakini wema mara nyingi hutafuta njia fupi. "Kuna bima za Kiislamu siku hizi, Abubakr, hilo tutaliongea," alisema. "Lakini Idrisi, mwanangu, kusamehe ni bora. Mwenye kusamehe ujira wake uko kwa Mola."

Idrisi alikuwa mtu wa maneno machache. Maisha yake yote aliitikia ndiyo Hajji, sawa Hajji, kwa sababu aliyekupa mlo ndiye mwenyeji wako, na mwenyeji hapingwi. Siku ile alikasirika mpaka jeraha likampwita ndani ya bandeji. Alikasirikia kanzu ile nyeupe, na nyama iliyokuwa jikoni, na zaidi ya yote alijikasirikia mwenyewe kwa sababu neno la kusamehe lilikuwa tayari limefika ulimini, kwa mazoea tu.

"Shehe," alisema, "mkono wangu ningeusamehe. Ni wangu. Lakini leo asubuhi nimemkuta Kiogora kwa mashine ileile, iko wazi. Mkono wa Kiogora nitausameheje? Mimi ndiye mwenyewe?"

"Kiogora hajalalamika," Hajji alisema.

"Hata mimi sikulalamika!" Idrisi alipiga meza kwa mkono wa kushoto, chai ikamwagika. "Sikulalamika, nikapiga Bismillahi! Ulilitumia jina la Mungu mahali pa kinga, Hajji. Sikusamehe. Toka na nyama yako."

Hajji alisimama, akapangusa kanzu. Tabasamu lilikuwa limekwisha. "Basi kaunta nayo usahau," alisema. "Wachinjaji ni wengi. Abdimajid anachinja tangu Jumatatu na hakuna mteja amekufa."

*

Kesho yake kulipopambazuka Idrisi alikuwa machinjioni. Safiya hakumzuia. Alimfunga vifungo tu, akamwekea kofia vizuri kichwani.

Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye zizi. Abdimajid, kijana mrefu aliyetoka upande wa Isiolo, alikuwa akinoa kisu, na Kiogora, ambaye alfajiri hubeba nyama, na wabebaji wengine walikuwa wamevaa gambuti tayari. Walimsalimu, "Muga, ustadh," kisha wakamtazama, maana alikuwa akifungua bandeji. Aliifungua yote, akaitia mfukoni. Hakuna kati yao aliyekuwa ameuona mkono ule mtupu.

"Angalieni," Idrisi alisema. "Hapa ndipo Hajji aliweka imani yake. Akaniambia wachinjaji ni wengi. Ni kweli, niko mimi, yuko Abdimajid, atakuja mwingine. Na wakata mifupa pia ni wengi, Kiogora."

Alitaka kusema mengi, juu ya lori, juu ya sheria, juu ya glovu za chuma walizoahidiwa wakazeeka wakizingoja, lakini aliunyoosha tu mkono ule mbele yao.

Abdimajid aliutazama mkono ule kwa muda mrefu. Kisha alitazama wake. Akafuta kisu, akakirudisha ndani ya ala, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Walahi mimi sichinji," alisema. "Mpaka atuambie tukikatika tunaenda wapi."

Kiogora alivua aproni. Wabebaji wakatazamana, mmoja akaketi, kisha wengine.

Lori lilipoingia, Hajji Abubakr aliteremka akiwa na haraka. Mteja wa harusi alikuwa akingoja nyama, na daktari wa mifugo alikuwa tayari amesimama mlangoni na muhuri wake. Hajji aliwauliza kuna nini. Akafoka, akawaita wasio na shukrani. Akamwambia Abdimajid asimame, na Abdimajid akaendelea kuchunguza kucha zake.

"Mnadhani mimi sijui kuchinja?" Hajji alisema. "Nimechinja kabla mzaliwe!"

Alipandisha mikono ya kanzu, akapokonya kisu cha Abdimajid, akaelekea alipofungwa fahali. Alikuwa fahali mkubwa, mweusi, mwenye nundu, wa kuangushwa na watu wanne. Hajji alielekea kibla. Akainua kisu, akawageukia wafanyakazi.

"Haya," alisema. "Shikeni kamba."

Kamba ya kumwangushia ilikuwa imelala kwenye saruji yenye maji, na hakuna aliyeinuka kuishika. Fahali alimtazama, akacheua, akasogea hatua moja karibu naye.