Mgongo wa Dada na Vibebeo Viwili

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, nikiwa mama mdogo halali wa mtoto anayehusika, na mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni yenye sifa njema, niliye likizoni kwa dada, ninatangaza kwamba Tume Huru ya Kuchunguza Vibebeo vya Watoto ilifungua kikao chake siku ya Jumamosi, saa tatu kamili asubuhi, bila woga wala upendeleo.

Hayo ndiyo niliyoandika kwenye daftari. Niliyaandika nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa uani, kwa sababu viti vilikuwa vitatu tu, na vyote vilikuwa vimekaliwa na watu wasiosemezana.

Kusema kweli, wasiosemezana walikuwa wawili: dada yangu na mama mkwe wake. Shemeji alikaa katikati kama ua, na kama ua wowote, kila upande ulimtupia taka zake.

Dada ni msusi. Husimama kutwa nzima, shingo imeinama juu ya kichwa cha mtu. Tangu ajifungue, mgongo wake umemgeuka. Asubuhi tunamsikia akishuka kitandani kwa awamu, kama mzigo unaoteremshwa kwenye lori. Daktari alimwambia misuli ya kiuno imelegea; asimbebe mtoto ubavuni, na akitaka kukaa naye muda mrefu atafute kitu kinachogawa uzito, mabega yasibebe peke yake. Mtoto mwenyewe nyumba nzima inamwita Bosi, kutokana na namna anavyotoa amri. Ana miezi sita na kilo saba, ananyonya kila anapojisikia, na ukimlaza chini analia kama aliyefukuzwa kazi.

Mwenye saluni alikuwa ameshatoa neno lake la mwisho. Dada aje na mtoto akitaka, lakini mikono yote miwili iwe kwenye nywele za wateja. Asipoweza kufikia Jumatano, nafasi yake anapewa msusi mwingine, ambaye tayari alikuwa akipita pale kila siku kutoa salamu.

Na mama mkwe alikuwa na neno lake pia. Yeye ana duka la nafaka kwao, mwendo wa kutwa kwa basi, na alikuja kututembelea kwa wiki mbili. Alisema dada akishindwa, Bosi ataondoka naye, akalelewe kwa maziwa ya kopo mpaka atakapotembea. Alilisema kwa utulivu, kama mtu anayeomba aazimwe kikombe. Dada alikatakata kitunguu mpaka kikawa uji.

Basi vikaja vibebeo viwili. Mteja mmoja wa dada anauza vitu vya watoto, akampa vyote akavijaribu nyumbani, atakachokikataa akirudishe. Cha kwanza kilikuwa chepesi, cha buluu, kina mikanda miwili myembamba ya kupita mabegani na basi. Cha pili kilikuwa kikubwa kama vazi la zimamoto. Kilikuwa na mabega yaliyojazwa sponji, na chini mkanda mpana wa kufunga kiunoni.

Mama mkwe alikigeuzageuza hicho kikubwa, akauliza kama mtoto anapelekwa vitani.

"Mimi nimelea sita kwa mbeleko," akasema, "na mgongo wangu ndio huu, umenyooka."

Dada akasema, kwa sauti ya chini iliyopimwa vizuri ili isikike, kwamba labda ndiyo maana watano kati yao hawamtembelei.

Shemeji aliomba udhuru akaenda kuangalia tairi la baiskeli. Baiskeli hatuna.

Hapo ndipo nilipopendekeza tume. Dada hangeweza kumtia Bosi kwenye kitu ambacho hajajifunza kukifunga, kwa hiyo tungemtumia Bosi wa bandia: foronya yenye kilo saba za mchele, imefungwa kamba shingoni. Dada angezunguka nyumba mara tano na kibebeo cha kwanza, apumzike, kisha mara tano na cha pili. Mama mkwe, ambaye hakuna aliyemwalika kwenye mashindano, alisema naye atazunguka na mbeleko yake, mzunguko kwa mzunguko, ili watu waone mtu mzima anavyobeba.

Nilipima mchele mwenyewe jikoni, foronya mbili za kilo saba saba. Foronya ya mistari ikawa ya dada, ya maua ikawa ya mama mkwe. Kisha nikazipeleka stoo kuzifunga vizuri. Stoo ndimo shemeji anamoweka masalia ya kazi, maana yeye ni fundi wa kuchomelea mageti. Kulikuwa na vipande vya chuma bapa, vizito, vimekaa tu bila faida. Nilichukua vitatu nikavizika katikati ya mchele wa maua. Mtu ambaye siku aliyofika tu alisema wasichana wa bweni wanajua kula na kulala tu, alistahili kupata elimu ya ziada. Nilikadiria kwamba kufikia mzunguko wa tatu mbeleko ingeomba msamaha.

Haikuomba. Mama mkwe alizunguka mara tano, midomo imebana, jasho likimtiririka hadi kwenye kola. Dada naye alimaliza na kile cha buluu, akasema mabega yanavuta kidogo lakini kinavumilika. Nikaandika: *kinavumilika*.

Wakati wa mapumziko mama mkwe aliketi, akanywa maji, akaitazama foronya ya maua iliyokuwa miguuni pake. Aliitazama muda mrefu. Kisha akaisukuma kwa mguu kuelekea kwa dada.

"Haki ni haki," akasema. "Sasa tubadilishane."

Dada ni mtu ambaye ukimwambia hawezi kumeza kijiko, atakuuliza kama ni cha chai au cha mezani. Aliichukua. Nilifungua mdomo. Kumwonya dada ilikuwa ni kukiri mbele ya adui, tena adui aliyetoka kumaliza mizunguko mitano kwa miguu yake. Nikaufunga mdomo, nikajifanya ninachonga penseli.

Kwenye mzunguko wa pili dada alishika bomba la maji, akasimama. Uso ulikuwa umebadilika rangi. Mama mkwe, mwenye kilo saba halali mgongoni, alimpita mara mbili kwa mwendo wa mtu anayekwenda sokoni mapema. Shemeji alimfungua dada ule mkanda mpana, na dada akausukuma kando kwa kisigino.

"Toa muuaji huyu mbele yangu," akasema.

Hivyo ndivyo tume ilivyoamua. Jumatatu dada aliondoka na Bosi kwenye kile cha buluu. Saa saba mchana alirudi ameinama kama ndoano, ameshikwa mkono na msusi mwenzake, na Bosi akibebwa na mwenzake huyo huyo kwa mkono wa pili. Mikanda myembamba ilikuwa imemchora mabega mistari miwili myekundu. Alisema alianza kuhisi moto katikati ya mgongo kwa mteja wa kwanza, na kwa mteja wa tatu vidole vikaanza kufa ganzi. Alisema mwenye saluni alitazama tu kalenda.

Asubuhi nzima ya Jumanne dada alilala sakafuni sebuleni, magoti juu, akihesabu mbao za dari. Hesabu yake ilikuwa rahisi na mimi niliisikia akimwambia shemeji. Kile cha buluu kimemvunja kwa kilo saba tu. Kile kingine kilimvunja kabla hata ya mzunguko wa tatu. Hakuna cha tatu. Shemeji alisema labda wangoje. Dada akamuuliza wangoje nini, nafasi iondoke au mtoto aondoke, achague kimoja amwambie.

Mchana mama mkwe akaanza kukunja nguo za Bosi. Alizikunja pale pale sebuleni, mbele ya dada, soksi moja moja, akizipanga kwenye begi. Bosi alikuwa amelala juu ya kifua cha mama yake, hajui kwamba anahamishwa.

"Ungesubiri nisimame, mama," dada akasema.

"Basi ni kesho alfajiri. Nikisubiri usimame tutalikosa."

"Ulikuwa unaliomba hili tangu umeingia humu. Unafurahi."

Mama mkwe aliweka chini fulana aliyokuwa ameishika.

"Mimi na wewe nani anamwombea mwenzake mabaya?" akasema. "Nimeuza nafaka miaka thelathini. Nikibeba gunia, mgongo unaniambia kilo kabla ya mizani. Umenibebesha kilo kumi na nusu, mimi mwanamke wa miaka sitini na tatu, ukanizungusha kwenye jua ili nianguke ucheke. Sikuanguka. Nikakurudishia mzigo wako, nikanyamaza."

Shemeji, aliyekuwa mlangoni na kikombe cha chai, hakuthubutu hata kukinywa.

"Mzigo gani?" dada akauliza.

"Usinifanye mtoto."

"Mama, ninakuuliza mzigo gani. Mimi nilipewa foronya kama wewe. Kama ilikuwa nzito, uzito uliutia wewe, ukaniletea, na sasa unaninyang'anya mwanangu."

Walirushiana hayo mara tatu, kila mmoja akimwita mwenzake mwongo kwa maneno ya heshima, ambayo ndiyo matusi makali kuliko yote. Nilianza kuelekea jikoni kwa hatua za mtu aliyekumbuka kazi ya shule. Mama mkwe alikuwa na kasi kuliko mimi. Alipita, akaileta foronya ya maua kutoka jikoni, maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kupika mchele wa tume, akaikata kamba kwa meno na kuimwaga mezani.

Mchele ulimwagika kwanza. Kisha vyuma, kimoja, viwili, vitatu, vikagonga meza kwa zamu.

Dada na mama mkwe wakamgeukia shemeji kwa pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza ninawaona wakikubaliana.

"Vyuma ni vyangu," shemeji akasema, "lakini mimi jamani niliwahi kushika hizo foronya saa ngapi?"

Hakuwahi. Aliyezishika alikuwa mmoja. Macho sita yakapita juu ya meza, yakanifikia mlangoni nikiwa na mguu mmoja nje.

Nilitegemea kelele. Dada hakupiga kelele. Alimkabidhi shemeji mtoto, akageuka ubavu, akasimama kwa awamu zake, na akaelekeza kidole kwenye kile kibebeo kikubwa kilichokuwa nyuma ya kochi kikisubiri kurudishwa. Shemeji akakileta. Dada akavaa mabega, akafunga mkanda tumboni, wakamtia Bosi ndani, naye Bosi akakunja uso kama mkaguzi. Dada alipiga hatua moja, akajikunja kwa maumivu.

Mama mkwe alikuwa akimtazama kwa hasira ile ile. Akamwendea, akamfungua mkanda bila kuomba ruhusa.

"Umeufunga kwenye tumbo. Ushushe," akasema. "Gunia halibebwi na mgongo, wewe binti, linabebwa na nyonga. Simama wima. Sasa kaza." Akaukaza mwenyewe kwa nguvu mpaka dada akaguna, kisha akalegeza kidogo mikanda ya mabegani. "Nenda."

Dada alikwenda mpaka mlangoni, akarudi. Akaenda tena, akainua mikono yote miwili juu ya kichwa cha shemeji, akajifanya anasuka. Alikaa hivyo muda mrefu. Hakuna aliyesema kwamba imekubali, kwa sababu mgongo wa dada haujawahi kutabirika, lakini mama mkwe alilifungua begi, akatoa soksi na kuzirusha kwenye kochi kama mtu anayelipa faini.

"Msidhani nimekusameheni," akasema. "Yeyote kati yenu."

Kisha dada akanigeukia. Bosi naye alikuwa ametazama mbele, kwa hiyo walinitazama wote wawili.

"Ulivitia wewe."

Nilianza kueleza kwa utaratibu: kwamba lengo halikuwa yeye, kwamba foronya ya maua ilikuwa ya mama, kwamba katika uchunguzi wowote huwa kuna mambo yasiyotarajiwa. Niliona nyuso zao nikaacha. Nikamgeukia mama mkwe nikamwomba radhi. Alisema radhi yangu niiweke mfukoni, nitaihitaji siku ya kurudishwa shule.

"Hilo la kumtilia mama vyuma nitalizungumza na wewe baadaye," dada akasema. "Ninachouliza ni kingine. Ulituona tukibadilishana. Uliona nikisimama pale bombani. Jana umeniona nikirudi nimepinda, na leo umeniona nikikunjiwa nguo za mwanangu. Katika nyumba hii nilisema wewe peke yako ndiye uko upande wangu. Ulijua?"

Nilitamani daftari. Nilitamani ndoo yangu, nikae chini kidogo.

"Nilijua tangu Jumamosi," nikasema. "Niliogopa kuonekana mbaya mbele yake. Na Jumatatu, ulipoondoka na kile cha buluu, nilijua pia. Mimi ndiye niliyekufungulia geti."