Mgongo wa Mkwe

Mukamugema hakuwa mtu wa kubebwa. Alizaa watoto saba kule Masisi, akamzika mume, akalima mashamba ya maharagwe mpaka magoti yakaanza kugoma, na uasi wa kwanza ulipofika akashuka Goma kwa miguu yake mwenyewe, godoro kichwani. Magoti yalikufa baada ya kufika, yakamwachia hatua chache tu za mkongojo. Hilo yeye alilihesabu kuwa ni adabu kwa upande wa magoti, maana yangeweza kumwaibisha njiani.

Jambo lililomshinda lilikuwa moja tu: kuishi kwa mkwe. Binti yake wa mwisho, Mukabalisa, aliolewa na Onésime, mchungaji wa kanisa dogo la Majengo, na hapo ndipo bibi alipopata pa kuweka kichwa. Kwao, mama mkwe na mkwe huheshimiana kwa umbali. Hawapeani mikono, hawali chombo kimoja, na mkwe hakanyagi chumba anacholala mama mkwe hata nyumba ikiwa inavuja. Onésime alisoma theolojia miaka minne na angeweza kuyaita hayo mambo ya kale, lakini aliyashika yote bila kuambiwa. Alimtobolea bibi mlango wake wa peke yake upande wa uani, ili wasigongane asubuhi. Akiwa na neno la kumwambia alimwambia mkewe, naye Mukabalisa akalipeleka hatua mbili tu kutoka hapo, kisha akarudi na jibu. Watoto walicheka sana mchezo huo. Wakubwa hawakucheka, nao waliishi kwa amani ambayo nyumba nyingi za Goma zingeitamani.

Basi ikaja ile Alhamisi ya Januari, mlima wa volkano ulio juu ya mji ulipopasuka ubavuni na kuuachilia uji wa moto ushuke mjini. Wakati huo mji ulikuwa mikononi mwa uasi wa pili, na watu walikwisha kuzoea kukimbia bunduki. Bunduki mtu huisikia iko upande gani, akakimbilia upande mwingine. Moto huu haukuwa na upande. Mukabalisa alimfunga mtoto mchanga mgongoni, akawashika wawili mikono, na kabla ya kuifuata njia ya mpaka wa Gisenyi akamgeukia mumewe.

“Miye niko na batoto,” alisema. “Mama nimekuachia weye.”

Onésime akabaki uani, mbele ya ule mlango alioutoboa yeye mwenyewe, bila mtu wa kumpelekea neno. Alikohoa. Akazungumza akiutazama ukuta.

“Mama, moto inakuja.”

“Naisikia,” alijibu Mukamugema kutoka ndani. Alikuwa ameketi kitandani, amevaa kitenge chake cha Jumapili, Biblia mapajani.

“Nitakubeba ku mugongo.”

Mukamugema aliwaza mapaja yake yakikumbatia kiuno cha mume wa binti yake, tena mchungaji, barabarani mchana kweupe, na uso ukamwaka kuliko mlima.

“Weye hapana,” alisema. “Tafuta Yuma. Yuma iko na gari, na miye ananiitaka dada yake. Ye anaweza nibeba.”

Yuma alikuwa jirani yao, dereva Mwislamu aliyetoka Maniema, mtu wa mizaha na moyo mweupe. Nyumba yake ilikuwa chini, njia ya kwenda Birere. Kanisa lilikuwa juu, mwendo mfupi, na ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa Onésime, kwa sababu ni mchungaji peke yake aliyefungua kabati la vyombo vya Meza ya Bwana. Mtu mwingine angebishana. Mtu mwingine angemnyanyua bibi kama gunia la viazi na kuomba radhi Gisenyi. Onésime aligeuka akakimbilia chini kwa Yuma, kwa kuwa mama mkwe amesema, na neno la mama mkwe halirudishwi.

Yuma alikwisha kuondoka, yeye na mkewe Alima na gari limejaa majirani. Onésime akatafuta chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kusukumia mizigo. Machukudu yote yalikuwa yanapita mbio, yamepakiwa magodoro na mbuzi, na wasukumaji hawakuwa na masikio ya kumsikia mchungaji. Aliporudi nyumbani jua lilikuwa limefunikwa na moshi, na mti wa parachichi wa jirani ulikuwa unawaka wenyewe kabla moto haujaugusa.

“Yuma haiko,” alisema mlangoni, pumzi juu juu.

“Basi enda ufungue kanisa yako, Pasta. Miye uniache na Mungu wangu. Tunajuana zamani.”

Hapo Onésime akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliingia chumbani. Akamgeuzia bibi mgongo, akapiga magoti mbele ya kitanda, akatulia.

“Mama, ukikataa sitabishana,” alisema. “Tutakaa wote.”

Mukamugema aliutazama ule mgongo, shati jeupe limelowa jasho na kushikamana na mbavu. Akangoja auone ukichoka na kusimama. Haukusimama. Joto lilikuwa linaingia kwa dirisha, na yeye akamwona binti yake ng'ambo ya mpaka na watoto watatu wasio na baba. Akapanda. Alipanda kwa hasira, akajifunika kitenge usoni asionekane, kana kwamba kuna mtu Majengo asiyeujua mgongo wa mchungaji wake. Akambeba hivyo mpaka ng'ambo, Gisenyi.

Walirudi siku chache baadaye na kukuta jiwe jeusi mahali palipokuwa na kanisa. Nyumba yao ilikuwa imeungua upande mmoja, upande wa ule mlango. Mukamugema alimshukuru Mungu kwa sauti, akapewa kona nyuma ya pazia, na Onésime akarudi kumsalimu kwa kupitia mkewe kama zamani. Yangeishia hapo, kama si Mirindi.

Mirindi alikuwa mkubwa wa wazee wa kanisa, mtu mnyofu, na wanyofu ndio wagumu kuwajibu. Siku ile ya moto alikwenda kanisani kuokoa vyombo. Akakuta mlango wa chuma umefungwa. Akangoja mwenye ufunguo. Alipoona haji, akaipiga kufuli kwa jembe mpaka nyusi zikaungua, ndipo akakimbia analia. Ndani ya lile kabati mlikuwa na kikombe cha Meza ambacho baba yake mwenyewe alikishusha kutoka Masisi wakati wa vita, amekificha ndani ya mfuko wa maharagwe. Vita vilishindwa kukichukua, na sasa kimepotea kwa sababu ya ufunguo.

“Kumubeba mama si kosa,” Mirindi aliwaambia wazee wenzake. “Lakini moto ilituonya mapema. Toka saa tisa mpaka saa kumi na moja Pasta alikuwa wapi, na ufunguo mu mufuko?”

Swali hilo aliulizwa Onésime, naye hakulijibu. Kanuni ya kanisa lao ilikuwa wazi: aliyepoteza chombo cha Meza kwa uzembe ataketi benchi la nyuma, bila mkate wala kikombe, mpaka Pasaka. Kwa muumini ni aibu ya kupita. Kwa mchungaji ni mwisho, kwa sababu akishushwa mimbarini wakubwa wa kanisa hutuma mwingine, na nyumba ya mchungaji hufuata mimbari. Wazee wangekutana Jumatano kukata shauri.

“Banasema alikuwa anaokoa magodoro yake,” Mukabalisa alimwambia mama yake nyuma ya pazia, akilia. “Nimemuuliza, ye iko ananyamaza tu.”

Mukamugema alielewa mara moja kwa nini ananyamaza. Angejibu, ingembidi aseme mbele ya wanaume kwamba mama mkwe alikataa mgongo wake, na jina la bibi lingekuwa mdomoni mwa kila mtu mpaka Sake. Alikuwa bado anambeba. Jambo hilo lilimuudhi Mukamugema kupita kiasi, maana alikuwa tayari kubebwa siku moja na si maisha yote.

“Batakutana wapi, hao bazee?” aliuliza.

“Himbi, ku nyumba ya mumoja wao.”

“Niitie chukudu.”

Hivyo ndivyo mama wa watu saba alivyofika Himbi, kwenye nyumba nzuri zilizo karibu na ziwa, akiwa ameketi juu ya ubao wa chukudu, mkongojo umesimama kama bendera na msukumaji anatweta nyuma yake. Mlinzi wa jirani alisimama kumtazama. Mukamugema alimsalimu kama gavana.

Wazee walikuwa barazani, Onésime katikati yao ameinamisha kichwa. Bibi alisimama chini ya ngazi, akajiegemeza kwenye mkongojo.

“Naomba neno.”

“Mama, utusamehe,” Mirindi alisema kwa heshima. “Hii ni kikao ya bazee.”

“Na miye niko kijana?”

Wakamletea kiti. Hakukikalia.

“Muliuliza Pasta alikuwa wapi,” alianza. “Saa tisa alikuwa ku mulango yangu. Alinipatia mugongo yake, miye nikaikataa. Nikamutuma kwa Yuma, ye akaenda, kwa heshima yangu. Akatafuta chukudu, akakosa. Wakati wa kuniokoa ulikuwako, na wakati wa kufungua kanisa ulikuwako. Ni miye niliutupa. Muzee Mirindi, kikombe ya baba yako haikuunguzwa na Pasta. Iliunguzwa na haya ya mama mukwe.”

Wazee walitazamana, kisha wakatazama chini. Wote walikuwa wameoa, na wote walikuwa na mama mkwe. Kila mmoja alijiuliza angefanya nini mbele ya mlango ule, na haikuonekana kama kuna aliyependa jibu lake.

“Pasta,” Mirindi alisema polepole, “kwa nini haukutuambia?”

“Ningesema namna gani, Muzee?” Onésime alijibu bila kuinua kichwa. “Mambo ya mama mukwe haisemwake mbele ya wanaume.”

“Umeona?” Mukamugema alimwambia Mirindi. “Kosa ni ile ile, mara ya pili.”

Mirindi alijipapasa mahali palipokuwa na nyusi. Alikuwa amekuja na hasira yake safi, sasa hakujua aiweke wapi.

“Lakini kanuni inabaki,” alisema.

“Nani alisema iondoke? Muniweke miye ku benchi ya nyuma.”

Alilisema kwa sauti kubwa ili lisitetemeke. Tangu abatizwe akiwa msichana hakuwahi kukosa Meza, wala wakati wa vita, wala wiki aliyomzika mume. Wanawake wengi wa Majengo walimwogopa kwa sababu hiyo. Kuketi nyuma kulimtisha kuliko ule moto, na wazee waliliona.

“Mama, uko muzee,” Mirindi alisema. “Pasaka iko mbali.”

“Kanuni yenu haikuuliza miaka ya mutu. Na uzee yangu haiombe huruma. Pasta arudi ku mimbari.”

Wakanong'onezana. Hawakukaa sana. Mirindi aliporudi kumtazama, macho yake yalikuwa yamelainika, ingawa sauti aliishikilia.

“Itakuwa vile umesema. Lakini nikuulize neno moja. Mulima ikipasuka kesho, na huyu mukwe wako akuje tena na mugongo yake?”

“Nitapanda kabla ya kuitwa,” alisema Mukamugema, na mzee mmoja akaingiwa na kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Jumapili walikusanyika chini ya hema, juu ya jiwe lenyewe. Bado lilikuwa na joto, watoto wakawa wanainua mguu huu na ule. Vikombe havikuwako. Alima, mke wa Yuma, alikuwa ameleta glasi zake za chai kwenye sinia, akasema zitarudi zikimaliza kazi ya Mungu, na Mirindi aliziosha mwenyewe moja moja. Onésime akahubiri. Sauti yake mwanzoni ilikwaruza, kisha ikapata njia, na Mukamugema, benchi la nyuma, alijiinua kidogo kama mtu anayesikiliza mvua ya kwanza.

Kisha Meza ikaja. Mkate ulipita mbele yake, haukusimama. Glasi nazo zikapita. Iliuma. Iliuma kuliko alivyokuwa amejiandaa, akalia bila kuficha, na wanawake waliomwogopa wakalia naye.

Desturi yao mchungaji hunywa wa mwisho, na kanisa zima humngoja. Onésime alichukua glasi iliyobaki. Akaitazama. Akairudisha kwenye sinia ikiwa imejaa, akaifunika kwa kitambaa. Mirindi alimsogelea na kumnong'oneza, naye akatikisa kichwa, kisha akaanzisha wimbo wa kufunga ibada.

Watu walipoanza kutawanyika, Mukamugema hakumtafuta binti yake. Alimwita mkwe mwenyewe.

“Pasta, kwa nini haukukunywa? Kanuni ilipata miye, haikupata weye.”

Onésime akaja mpaka alipokaa. Hakutazama ukuta, kwa sababu ukuta haukuwako, wala hakutazama chini.

“Tulitoka mu moto pamoja, mama,” alisema. “Ku Meza pia tutarudi pamoja.”

Mukamugema akanyoosha mkono mbele ya Mirindi na kanisa zima, akamshika mkwe wake begani, akasimama, na wakaanza kuvuka mawe kwenda nyumbani.