Daraja Lililopinda

Jamani, daraja la tambi halipindi! Tambi kavu zikilemewa hukatika kacha, vipande vikaruka hadi kwenye nywele. Mwalimu wa fizikia, ambaye wanafunzi walimwita Madam Volti kwa jinsi asivyotulia, alilijua hilo kuliko mtu yeyote ukumbini, maana muhula mzima alikuwa akiungua vidole kwa gundi ya moto pamoja na timu yake.

Sasa daraja lao, ambalo kwa sheria za mashindano lilitakiwa kuwa la tambi na gundi tu, likatundikwa ndoo ya mchanga. Likabonyea katikati taratibu kama kitanda cha kamba, likabaki hivyo hivyo. Halikatiki! Ukumbi ukalipuka vigelegele. Madam Volti naye akaruka juu, na akiwa bado hewani akili ikamjia. Akatua kimya.

Kombe likatolewa palepale. Picha zilipokwisha, akamvuta nahodha wa timu nyuma ya pazia la jukwaa.

"Mmeweka nini ndani?"

"Waya, Madam. Mwembamba tu." Kijana akacheka, kisha akauona uso wake. "Si ulisema tukishindwa tusikujue?"

"Nilikuwa natania, baba!"

"Sasa sisi tungejuaje? Ulikuwa unasema kila siku."

Kweli alisema. Tena huku akiwaonyesha kabati la ofisini alilolifuta vumbi ili kombe likae. Uso ukamwaka moto.

"Ukitusema tunafungiwa, Madam. Hata wa mwakani hawataruhusiwa kuja. Nyamaza tu, nani atajua?"

Akaenda kwa jaji mkuu, mzee mwenye miwani iliyoning'inia kifuani.

"Naam, bingwa! Nikusaidie nini?"

"Samahani... choo kiko wapi?"

Weee! Mtu mzima na digrii yake! Akaenda kujifungia huko, hana haja wala nini, kasimama tu anautazama mlango.

Alipotoka akakutana uso kwa uso na mwalimu wa shule iliyoshika nafasi ya pili. Mwenzake akamkumbatia kwa nguvu.

"Hongera, dada! Wangu wanalia kule, lakini nimewaambia mmetuzidi kazi, basi. Siku moja uje utufundishe mlivyounganisha zile nguzo."

Hata kijembe hakikuwemo. Alikuwa anamaanisha, na hicho ndicho kilichommaliza Madam Volti. Akamshukuru! Akasema "asante" kwa mdomo wake mwenyewe, halafu akageuka kwenda kwa jaji, karibu kukimbia.

"Mzee wangu," akamwambia jaji, "chukua koleo ukate nguzo ya katikati."

"Daraja la washindi? Kulikoni?"

"Kata tu, tafadhali."

Tambi zikapukutika mezani, waya ukabaki peke yake unang'aa. Jaji akavaa miwani, akatazama, akatazama tena.

"Nani kafanya hivi?"

Timu ilikuwa imesogea nyuma yao. Nahodha aliinamisha kichwa, kombe kifuani, anasubiri kutajwa.

"Timu yangu," akasema Madam Volti. "Na mimi ndiye niliyewaambia wakishindwa wasinijue."

 Jaji alinyoosha mkono tu kudai kombe. Kijana akazidi kulikumbatia, machozi yanamtiririka, na hakuna aliyesogea kumsaidia mwalimu wake. Ikabidi Madam Volti amwachanishe vidole yeye mwenyewe, kimoja kimoja, ukumbi mzima ukitazama.