Ng'ombe wa Kumsemesha Mkwe

Kila neno hapa ni kweli tupu. Nikidanganya, viboko watoke ziwani wamalize mpunga wangu.

Mkwe wangu Atupele alikuwa akiniona tu, anajitanda kanga usoni na kuzunguka nyuma ya migomba. Ndivyo tulivyo Wanyakyusa: mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, wala hamsemeshi. Tangu aolewe na Lutengano wangu, sauti yake niliisikia kwa mbali, kama redio ya jirani. Kazi yake ushauri nasaha. Watu wenye majonzi walimfuata nyumbani kwake, hapo Bondeni.

Nilipostaafu kazi ya mashine ya kukoboa mpunga, mikono iliniwasha. Nikaanza hadithi ya mauaji, ya mfululizo, naituma kwenye kundi la simu. Shujaa wangu alikuwa mshauri mkimya, anayemsikiliza muuaji mpaka muuaji anajichoka. Ukimya huo nilidhani ndiyo tabia ya Atupele. Kumbe kwa wateja wake anacheka hadi bati linatikisika.

Sehemu ya kwanza niliifungua kwa kiapo, kama hii. Mjane amemlisha mumewe sumu, na kila akienda kwa mshauri, amepakata ndala za marehemu.

Watu waliipenda. Kisha wakaacha kununua ndizi za Angetile, mjane wa Ndandalo.

"Leo umepika nini, dada?" mmoja alimuuliza sokoni, wenzake wakacheka.

Angetile akaacha kwenda kwa Atupele. Wateja wengine nao wakaacha. Mwishowe Angetile akavuka kwenda Malawi kwa dada yake, kakao yake ikaozea mtini.

Jumapili moja, ukoo umekaa, Atupele akaja kusimama mbele yangu, uso wazi. Lutengano akamshika mkono, yeye akauchomoa.

"Baba, yule mjane ulimtoa wapi?"

"Kichwani, mwanangu. Ni hadithi tu."

"Na ndala?"

Nikakohoa.

"Ulizionea kibarazani kwangu. Sumu ulitunga, ndala hukutunga. Watu wamemjua kwa ndala."

Kaka yangu Hezroni akasema mwiko umevunjwa, mkwe atoe ng'ombe. Nikasema atatoka zizini kwangu. Nikamtoa yule mweusi, wa maziwa.

Kundini niliandika kwamba nilidanganya. Wakajibu kwa vicheko: mzee ameanza sehemu ya pili.

Ng'ombe ameliwa. Sasa Atupele ana ruhusa ya kunisemesha siku yoyote. Nyuma ya migomba hazunguki tena. Anapita mbele yangu, uso wazi, ananitazama.

Hajasema kitu.